Kamba ya Katani Kiunoni

Makanya, kusini-mashariki ya mji wa Same, mkonge umesimama kwa mistari hadi macho yachoke. Mmea huu ulikuja kwa meli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika Pangani vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Ndivyo vilivyozaa mkonge wa Tanganyika, na ndiyo maana hadi leo mtu wa Upareni akisema kamba, mara nyingi ana maana ya katani.

Kamba hiyo hupanda mlima pamoja naye. Kuanzia mashamba yenye migrevilea hadi pembezoni mwa msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, kuna watu ambao riziki yao iko juu ya miti: anayepogoa matawi, anayetundika mizinga ya nyuki, anayechuma mbegu kabla hazijaanguka na kuliwa na wadudu. Wengi hupanda na panga, miguu mitupu na kamba ya katani kiunoni. Nawaheshimu sana watu hawa, na kwa sababu hiyo siwezi kunyamaza kuhusu kamba ile.

Katani ni imara, hilo halina ubishi. Kasoro yake kwa mpandaji ni kwamba haivutiki. Singa ya mkonge hurefuka kwa asilimia 2 au 3 hivi, kisha hukatika. Kwa kufunga mzigo wa kuni hiyo ni sifa njema. Kwa kumdaka mtu ni hatari kubwa. Chukua mtu wa kilo 70 aliyeteleza na kushuka mita 2 kabla kamba haijakaza. Kamba ikirefuka sentimita 10 tu hadi kumsimamisha, nguvu inayombana ni kwa wastani mara 21 ya uzito wake, sawa na kutundikwa mzigo wa karibu tani moja na nusu kiunoni. Ikirefuka sentimita 50, nguvu hiyo hushuka hadi mara 5. Anguko ni lile lile. Kilichobadilika ni nafasi aliyopewa ya kusimama. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuzuia kuanguka haviruhusu nguvu hiyo izidi uzito wa kilo 600 hivi, tena kwa mtu aliyevaa mkanda wa mwili mzima, unaoshika mapaja na mabega. Kamba moja iliyozungushwa kiunoni hubana mbavu na pumzi.

Wengine wamehamia kamba ya manila. Jina hilo lilitokana na mji wa Ufilipino, ambako kamba zilisokotwa kwa singa za mmea wa jamii ya mgomba. Siku hizi dukani ni plastiki. Haiozi kwa mvua, lakini plastiki ya kamba nyingi za bei nafuu huyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi za Selsiasi. Mrina asali anayepanda usiku na mwenge wa moshi ameshika mkononi kitu kinachoweza kuikata kamba yake mwenyewe.

Wapandaji wa miti wa kulipwa, wanaofanya kazi hiyo mijini na misituni duniani kote, hutumia kamba ya milimita 11 hadi 13 yenye kiini ndani na ala iliyofumwa nje. Ajabu ni kwamba hata hiyo, kwa kawaida, haikutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Kazi yake ni kumshika asianguke kabisa. Kwanza hurushwa uzi wenye kifuko kizito juu ya tawi nene lililo hai, uzi unavuta kamba, na mpandaji hubaki chini ya tawi hilo muda wote, kamba ikiwa imekaza. Akiteleza, hushuka kidogo tu. Anayejifunga kwenye tawi lililo usawa wa miguu yake anaweza kushuka hadi urefu wa kamba mara mbili ndipo ikaze.

Kupanda kwenyewe kunategemea msuguano. Mwaka 1931 Karl Prusik wa Austria alieleza fundo ambalo kamba nyembamba huzungushwa juu ya kamba kuu: bila uzito linateleza kwa vidole, likipata uzito linang'ata. Msuguano huo huo ndio unaomwezesha kijana mmoja kuteremsha gogo. Akizungusha kamba mara moja kwenye shina, mvuto wa kilo 10 mikononi mwake unaweza kushikilia zaidi ya kilo 60. Akizungusha mara mbili, zaidi ya kilo 400.

Upareni kuna jambo jingine, mteremko. Tawi lililo mita 6 juu ya ardhi upande wa mlimani linaweza kuwa mita 10 upande wa bondeni. Kuanguka mita 10 huchukua sekunde 1.4, na mtu hufika chini kwa kilomita 50 kwa saa, kasi ya kibao cha 50 barabarani.

Mwili nao ni kifaa. Miguu ndiyo isukume, kwa kuwa msuli wa mkono uliokaza kwa muda mrefu hubana mishipa yake yenyewe na vidole hufa ganzi. Na anayening'inia bila kujongea, hata akiwa mzima, damu hukaa miguuni na anaweza kuzimia baada ya dakika chache. Basi asipande peke yake kamwe. Chini awepo mwenzake mwenye kamba ya pili, anayejua kupanda na kumshusha.

Kabla ya kazi, kamba nzima ipite vidoleni, pima kwa pima. Vidole vinatafuta palipolainika, palipobonyea, palipoungua. Pakipatikana, inakatwa hapo hapo vipande vifupi vya kufungia mbuzi, ili kesho asiwepo wa kupanda nayo.