Ukumbi Ukiuzwa Kabla ya Harusi

Dar es Salaam na katika miji mingine mikubwa ya Tanzania, ukumbi hushikwa mapema kuliko karibu kila kitu kingine cha harusi. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresma, Waislamu wengi huahirisha sherehe mwezi wa Ramadhani, na Jumamosi zinazobaki hugombewa na kila mtu. Ndiyo maana familia hutanguliza fedha miezi mingi kabla, mara nyingi hata kamati haijakaa kikao cha kwanza. Ndani ya miezi hiyo jengo lenyewe lina maisha yake. Mwenye nalo anaweza kufariki na warithi wakaamua kuuza, au mfanyabiashara anayeuendesha ukumbi akashindwa kulipa pango. Benki iliyowekewa hati kama dhamana inaweza kulipeleka jengo mnadani, na sheria ya minada humtaka dalali atangaze siku 14 tu kabla ya kuuza. Tangazo la namna hiyo huwakuta maharusi wameshagawa kadi. Hoja yangu ni kwamba kinga yao haitoki kwenye jengo hata kidogo. Inatokana na kumjua mtu hasa waliyeingia naye mkataba, na kutoziacha fedha zao zitangulie mbali mno na huduma wanayoinunua.

Wengi huamini kwamba kushika ukumbi ni kama kupanga nyumba, kwa hiyo atakayenunua jengo atawakuta na haki yao humo. Sheria haioni hivyo. Kushika ukumbi kwa usiku mmoja ni kupewa ruhusa ya kuutumia, na ruhusa ni ahadi baina ya watu. Jambo hili liliamuliwa zamani katika kesi iliyotoka Dublin. Mwaka 1913 mwenye eneo moja aliikubalia kampuni ya matangazo ibandike mabango kwenye ukuta wa jumba la sinema lililokuwa lijengwe. Baadaye akalikodisha eneo hilo kwa kampuni ya sinema, nayo ikakataa mabango. Mwaka 1916 Baraza la Mabwana (House of Lords), ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, liliamua kwamba kampuni ile mpya haikufungwa na ahadi ambayo haikuitoa yenyewe, lakini aliyeahidi alibaki na deni la fidia kwa kushindwa kuitimiza. Tanzania imerithi mfumo huohuo wa sheria, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imejengwa juu ya sheria ya India ya mwaka 1872. Kwa hiyo anayenunua jengo la ukumbi, kama hakukubali kuzibeba ahadi za aliyemtangulia, kwa kawaida hadaiwi harusi yako. Unayemdai ni yule aliyepokea fedha zako.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1979 halmashauri ya mji wa Great Yarmouth, Uingereza, ilikikodisha chama kimoja cha siasa kali ukumbi wake kwa mkutano wa mwaka. Uchaguzi ukafanyika, uongozi wa halmashauri ukashikwa na chama kingine, na viongozi wapya wakataka kuufuta mkataba na kurudisha fedha. Mahakama ya rufaa ilikataa, ikaamuru ukumbi utolewe kama ilivyoahidiwa, ijapokuwa waliokodi wenyewe walichukiwa na watu wengi. Aliyesaini ilikuwa halmashauri, na halmashauri ilikuwa bado ni ileile; kilichobadilika ni watu waliokaa kwenye viti. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja unapata swali la kuuliza siku utakaposikia kwamba ukumbi wako umeuzwa: kimeuzwa nini? Kama ukumbi ni wa kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na zilizouzwa ni hisa zake, kampuni ni ileile na mkataba wako uko palepale, hata kama wakurugenzi wote ni wageni. Kama limeuzwa jengo, ahadi imebaki kwa muuzaji, ambaye huenda hana tena ukumbi wa kukupa. Bango la nje halitakusaidia kujua, kwa sababu jina la biashara linaweza kuuzwa pamoja na viti na meza, likaendelea kuwaka taa pale juu huku mtu aliye nyuma yake akiwa mwingine kabisa.

Kwa sababu hiyo naona makosa makubwa hufanyika siku ya kwanza ya kulipa, wakati hakuna aliye na wasiwasi. Risiti ya EFD huonyesha jina la mlipakodi na namba yake ya TIN. Huyo ndiye ambaye serikali inamtambua kuwa amepokea fedha. Mkataba nao una jina. Unapolipa kwa simu, jina jingine hutokea kwenye kioo kabla hujaweka namba ya siri. Majina haya matatu yakiwa ya mtu au kampuni ileile, una mtu wa kumdai. Yakitofautiana, simama uulize kabla hujaongeza hata shilingi. Uliza pia kama anayekukodisha ni mwenye jengo au mpangaji, na kama ni mpangaji, mkataba wake wa pango unaisha lini, maana ukumbi hauwezi kuahidi Desemba ikiwa pango lake linakoma Septemba. Anayetoa fedha nyingi anaweza kwenda mbali zaidi na kufanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, ambako rehani ya benki iliyosajiliwa huonekana.

Mkataba wenyewe usiwe ile karatasi ya nusu ukurasa yenye tarehe, kiasi na muhuri. Uandikwe kwamba umiliki au uendeshaji ukibadilika kabla ya sherehe, mwenye ukumbi atawajulisha kwa maandishi mara moja na kuwaletea ridhaa iliyosainiwa na mwendeshaji mpya, na akishindwa atarudisha fedha zote ndani ya siku zinazotajwa. Ukarabati utajwe kwa jina lake, kwa kuwa mmiliki mpya mara nyingi hatafuti ugomvi na maharusi. Anataka tu kufunga miezi mitatu apake rangi na kubadilisha dari. Yatajwe na masharti madogo ambayo hugeuka makubwa usiku wa harusi: kama mnaruhusiwa kuleta mpishi, vinywaji na mpambaji wenu, nani analipia mafuta ya jenereta, muziki unazimwa saa ngapi. Mmiliki mpya anaweza kuiheshimu tarehe na kuyageuza haya yote. Kisha kuna kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, kinachompa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kwa hiyo andikeni humohumo kwamba kadi zitachapishwa zikiwa na jina la ukumbi, na kwamba mpambaji na mpishi watalipwa kwa kutegemea mahali hapo. Sentensi hizo mbili zinaweza kuongeza kinachodaiwa kutoka advansi peke yake hadi gharama za kuhamisha sherehe nzima.

Wapo watakaosema maswali haya ni ya kumdhania mtu ubaya, na kwamba msimu ukikolea mwenye ukumbi atamwambia mwulizaji aende kwingine. La pili lina uzito. Katika Jumamosi za Desemba mwenye ukumbi ndiye mwenye nguvu, na baadhi hutaka fedha yote mapema. Hata hivyo anayekataa kuandika jina lake kamili amekwisha kukueleza jambo muhimu kuhusu fedha zako. Na pale asipokubali masharti yote, pigania moja tu: awamu za malipo, ya mwisho na kubwa ilipwe siku chache kabla ya sherehe. Wengine watasema mahakama huchelewa na hakuna hukumu inayorudisha siku ya harusi. Ni kweli, na ndiyo sababu fedha iliyobaki mfukoni mwa mhazini ina faida kuliko kesi nzuri, kwa kuwa inaweza kulipia ukumbi mwingine wiki hiyohiyo. Mwenye ukumbi naye atajitetea kwamba mambo yalikuwa nje ya uwezo wake. Utetezi huo ulikubaliwa London mwaka 1863 kwa jumba la muziki lililoteketea kwa moto kabla ya maonyesho, bila kosa la yeyote. Kuuza jengo ni uamuzi wa mtu, na mkopo ulioshindikana ni deni lake mwenyewe. Sioni haki ya kuviita vyote moto.

Habari za kuuzwa zikifika, usiharakishe kuvunja mkataba kwa hasira, maana ukiuvunja wewe unaweza kuipoteza advansi. Mwandikie aliyepokea fedha, mtake athibitishe tarehe, kisha umwendee mwendeshaji mpya na nakala za risiti. Wengi wao watakubali, kwa kuwa harusi zilizokwisha kushikwa ni mapato yanayowangoja; akikubali, asaini kwamba anazitambua fedha mlizokwisha kulipa na masharti mliyokubaliana. Ujumbe wa simu utunzwe pia, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua kama ushahidi. Na upande wenu, asisaini mtu kwa niaba ya “kamati ya harusi”. Kamati haina usajili, na huvunjwa mara sherehe ikiisha, jambo linalomfanya mwenye ukumbi ajue kwamba baada ya siku hiyo hakuna wa kumdai. Asaini bwana harusi, bibi harusi au mzazi, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake, na risiti zote zitoke kwa jina hilohilo.