Fundi wa Kuchovya Nikeli Apimwe kwa Maswali Yake

Mwenye gramafoni ya kale akienda kutafuta karakana ya kumchovyea upya mkono wa sauti au hendeli ya kuzungushia, aghalabu huonyeshwa bampa la gari linalong'aa. Ushahidi huo hautoshi. Bampa ni chuma kinene kilichomaliziwa kwa kromu, ilhali vipuri vya gramafoni huwa vya shaba ya manjano, chuma au aloi ya zinki, na mashine za kabla ya katikati ya miaka ya 1920 zilichovywa nikeli, zile za kifahari dhahabu. Fundi wa kuaminika ni yule anayeuliza kipuri ni cha metali gani na awali kilichovywa nini, ndipo ataje bei.

Kuchovya kwenyewe si kazi ngumu sana: umeme huhamisha nikeli kutoka kwenye bamba lake hadi juu ya kipuri, katika maji yenye chumvi za nikeli. Utando unaopatikana ni mwembamba mno, hauzibi shimo wala kuficha mkwaruzo. Kwa hiyo sura ya kipuri huamuliwa wakati wa kusugua kabla ya kuchovya, na gurudumu la kung'arishia likitumiwa na mtu mwenye haraka hula herufi za nembo, tarehe za hataza na hesi za skrubu. Zinki ina mashaka zaidi. Tindikali iliyomo katika maji ya nikeli huila, hivyo lazima itangulizwe tabaka la shaba nyekundu katika dawa isiyo ya tindikali. Tena aloi nyingi za zinki za miaka ya 1920 zilikuwa na uchafu wa risasi, nazo huvimba na kupasuka kutoka ndani. Ugonjwa huo hautibiwi kwa kuchovya, na fundi mwaminifu hukurudishia kipuri kama kilivyo.

Wapo wanaosema kromu ni ngumu zaidi na haififii, basi kwa nini isitumike? Kwa gramafoni ya HMV 102, iliyotoka mwaka 1931, hoja hiyo haina ubaya. Kwa mashine ya mwaka 1910 ni kosa: kromu ina weupe wa kuelekea buluu, nikeli ina joto la umanjano, na gramafoni inayokaa sebuleni haipigwi na mvua hata ihitaji kinga ya bampa. Hoja ya kwamba mafundi wa nikeli ni adimu nayo ina jibu. Kromu ya mapambo kwa kawaida huwekwa juu ya nikeli, kwa hiyo karakana nyingi za kromu zina pipa la nikeli tayari. Mwambie fundi aishie hapo. Na ikiwa nikeli ya zamani imefifia tu bila kubanduka, isafishe uiache.

Ukishaamua kupeleka, toa kwanza mpira na kiwambo cha maika kwenye kisanduku cha sauti, piga picha kila maandishi, kisha mpe fundi kipuri kimoja kidogo. Akikirudisha herufi zikisomeka na skrubu ikiingia bila kulazimishwa, mpe vilivyobaki.