Betri Iliyovimba Haiponi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo wawahusu sana wale wote warushao ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio, wawe wanazirusha kwa burudani au kwa kazi, kama ile ya kupima ardhi ya Visiwa vya Zanzibar iliyoanza mwaka 2016. Nyingi ya ndege hizo huendeshwa kwa betri za lithiamu zilizofungwa katika mfuko laini badala ya kopo la chuma. Mfuko huo hupunguza uzito, lakini haufichi siri: betri ikiharibika, hutuna.

Yafaa ieleweke kwamba kutuna huko si kasoro ya sura tu. Ni gesi iliyozalika ndani baada ya kemikali kuharibika kwa sababu ya kujazwa umeme kupita kiasi, kutumiwa mpaka ikauke, joto, kugongwa au uzee. Gesi hiyo huweza kushika moto. Betri ikipoa huenda ikanywea kidogo na mwenyewe akadhani imepona; lakini madhara yaliyokwisha kutokea ndani hayarudi nyuma.

Betri hizi ni ghali, nasi twaelewa uchungu wa kutupa kitu ambacho bado chaweza kuipandisha ndege. Hata hivyo, betri ya namna hiyo huweza kuishiwa nguvu ghafla, na ndege ikianguka juu ya watoto uwanjani, hakuna atakayeuliza ilinunuliwa kwa bei gani. Ikiwaka chumbani usiku, hasara itakuwa ya nyumba nzima.

Kwa hiyo uangalizi hauna budi kuanza mapema. Seli moja isizidi volti 4.2 inapojazwa, wala isishuke chini ya volti 3.0 inapotumika. Kupima jumla peke yake hakutoshi: betri ya seli 3 inayoonyesha volti 12 huenda ina seli 2 zenye volti 4.2 na moja yenye 3.6 tu. Hiyo moja ndiyo ya kuogopwa. Itumike chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na magodoro, na mtu awepo muda wote. Betri iliyotoka angani ikiwa na joto iachwe ipoe kwanza. Isiyotumika kwa siku kadhaa ihifadhiwe mahali pasipo joto, kila seli ikiwa na volti 3.8 hivi.

Ile iliyokwisha kuvimba isitobolewe, isikandamizwe, isijazwe tena, wala isichukuliwe safarini. Iwekwe nje ya nyumba katika chombo cha chuma chenye mchanga, kisichofungwa kabisa, kisha ipelekwe kwa wapokeao taka za umeme. Isitupwe jalalani, ambako yaweza kupondwa na kuwasha moto.

Hatusemi watu waache kurusha ndege. Twasema kila betri ishikwe na kukaguliwa kabla ya kila safari, na ile iliyotuna ibaki chini.