"Nimeuona!" kabla ya Wizara kutangaza



Kila inapofika tarehe 29 ya Shaabani au Ramadhani, hapa Wadi Kabir simu hazitulii. Magharibi haijaingia sawasawa, mtu keshapeleka khabari Unguja kuwa mwezi umeandama, na huku kamati ya Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini haijasema neno. Wako wanaotaka watu wanyamaze kabisa mpaka wakubwa watangaze. Mimi sioni hivyo. Aliyeona aseme, lakini aseme kama wanavyosema wapenzi wa nyota, wale wanaotazama mbingu bila ya mshahara.

Mfano ni Gennadiy Borisov, fundi wa darubini kwa kazi, mtafuta nyota za mkia kwa mapenzi yake. Tarehe 30 Agosti 2019, akiwa Crimea na darubini ya sentimita 65 aliyoiunda mwenyewe, alikiona kitu kinachotembea. Vipimo vyake, kilikuwa wapi na saa ngapi, vilifika Minor Planet Center kule Marekani. Wao kitu kama hicho hukitia katika orodha ya vinavyongoja uthibitisho, iliyo wazi kwa kila mtu, tena kwa jina la muda tu. Basi mwenye darubini Ulaya au Japani hutazama naye, akaleta vyake. Vikikubaliana, njia ya kitu hujulikana. Visipokubaliana, pengine ulikuwa mwanga uliojirudi ndani ya kioo, bass. Cha Borisov kilidhihirika kuwa kimetoka nje kabisa ya ulimwengu wa jua letu, cha pili kujulikana cha namna hiyo, na 24 Septemba kikaitwa rasmi 2I/Borisov.

Na kuna khabari isiyongoja. Tarehe 6 Oktoba 2008 jiwe lililoitwa 2008 TC3 lilionekana kutoka Arizona, likatiwa orodhani, na watu wa kazi na wasio wa kazi wakaleta vipimo zaidi ya 500. Baada ya saa 20 hivi likapasuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Vipande vikaja kuokotwa karibu na Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita cha reli, kwa sababu njia yake ilikwisha kujulikana.

Sasa tuurudie mwezi. "Nimeuona" peke yake haipimiki. Ulisimama wapi? Saa ngapi? Kulia au kushoto ya pale jua lilipotua, na juu kiasi gani? Kwa jicho au kwa darubini? Nani mwengine aliuona? Sisi wa Wadi Kabir khasa tuulizwe, maana tumezungukwa na vilima vya mawe, na hilali ya siku ya kwanza huwa chini sana.

Chukueni 29 Machi 2025. Mwezi ulikutana na jua saa 8 na dakika 58 mchana kwa saa za Muscat. Jua likatua saa 12 na nusu kasoro. Umri wake saa tatu na nusu tu, umbali wake na jua kama digrii 2. Mfaransa Danjon alikwishasema katika miaka ya 1930 kuwa chini ya digrii 7 hivi jicho haliambulii kitu. Saudia walisali Idi tarehe 30, Oman 31. Aliyepeleka "nimeuona" kutoka paa la nyumba ya Muscat jioni ile, ningependa anijibu yale maswali.