'Pull up your socks': Mzazi aelewe nini katika ripoti ya mwanawe?

MUHULA unapomalizika, mwanafunzi hurejea nyumbani na ripoti ya matokeo yake. Chini ya alama huwapo maoni ya mwalimu, na aghalabu huwa ni maneno machache tu ya Kiingereza: "Pull up your socks."

Katika mji wa Ntimaru, Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori, maneno hayo hulazimika kuvuka lugha mbili kabla ya kueleweka. Nyumbani watu wengi huzungumza Kikuria na sokoni Kiswahili nacho hutumika, ilhali shuleni Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia gredi ya nne. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Tarime, Tanzania, Wakuria wenzao hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali.

Mzazi atakayefasiri maoni hayo neno kwa neno atadhani mwanawe ameagizwa kuvuta soksi zake juu, pengine kwa kukosa unadhifu. La hasha! Hiyo ni nahau, na maana ya nahau haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake.

Nahau hiyo, iliyoenea Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19, humwambia mtu aache ulegevu na atie bidii. Waandishi wa Kenya wameitafsiri kuwa "kuvuta soksi", hasa katika kurasa za michezo. Hata hivyo, Kiswahili kina hazina yake: kukaza buti, kujifunga kibwebwe na kujikaza kisabuni. Kibwebwe ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga kiunoni anapoanza kazi nzito au ngoma, na ndiyo sababu nahau hiyo hudokeza mtu aliyejitayarisha kikamilifu.

Nahau nyingine ni "turn over a new leaf". Neno "leaf" hapa si jani la mti bali ni karatasi ya kitabu. Anayeambiwa hivyo anatakiwa kuacha mwenendo mbaya na kuanza upya. Kwa Kiswahili husemwa kufungua ukurasa mpya. Anayesema "kugeuza jani jipya" amepotoka.

Ipo pia "burn the midnight oil", yaani kuchoma mafuta usiku wa manane. Ilianza kutumika zama za taa za mafuta, katika karne ya 17, na maana yake ni kukesha kwa kusoma au kufanya kazi. Kwa mtoto anayesoma kwa koroboi, nahau hii si picha tu. Mafuta hayo hununuliwa, na yakiisha, masomo ya usiku nayo hukoma.

Ya nne ni "go the extra mile". Chimbuko lake ni Injili ya Mathayo, sura ya tano, panapozungumziwa mtu aliyelazimishwa kutembea maili moja, naye akahimizwa kwenda mbili. Huambiwa mtu ambaye tayari ametimiza wajibu wake lakini anaweza kufanya zaidi ya anavyodaiwa.

Nahau hizi nne zote zahimiza juhudi, lakini hazibadilishani nafasi. Ya kwanza yamlenga mlegevu, ya pili mwenye mwenendo mbaya, ya tatu anayehitaji muda zaidi wa kusoma, na ya nne anayefanya vyema tayari. Kila moja, kwa hivyo, ni uamuzi kuhusu chanzo cha matokeo. Mwanafunzi anayejitahidi usiku na mchana lakini hakielewi Kiingereza cha swali la hesabu hana soksi za kuvuta. Kumwandikia hivyo ni kumlaumu kwa kosa asilolitenda, na huenda akakata tamaa.

Ni heri basi mwalimu aongeze sentensi moja iliyo wazi: arudie sehemu gani, afanye mazoezi mangapi, amwone nani. Mzazi naye asione haya kuuliza maana ya maoni aliyoletewa. Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ili ainame, ni lazima kwanza aonyeshwe mvungu uliko.