Kutwa Mara Tatu: Dawa Sahihi kwa Mgonjwa Aliye Nyumbani



Ndugu wasomaji, mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tumependa kuzungumza nanyi juu ya maneno matatu ambayo kila mmoja wetu ameyaona kwenye bahasha ndogo ya dawa: "kutwa mara tatu". Ni maneno mepesi, na ndiyo maana tumeyapita siku zote bila kuyatazama vizuri.

Fundi seremala mmoja wa Mbagala, muumini mwenzetu, alivimba shavu kwa sababu ya jino lililooza. Alipewa amoksilini, kidonge kimoja kutwa mara tatu. Siku ya nne shavu lilikuwa bado limevimba na homa haijashuka, akaja kulalamika kwamba ameuziwa dawa ya bandia. Tulimwuliza alikuwa akimeza saa ngapi. Akajibu, "Saa mbili asubuhi nikinywa chai, saa saba mchana nikila, na saa kumi na mbili jioni nikifunga kazi." Hakukosa hata kidonge kimoja. Alifanya kama alivyoandikiwa, maana kutwa kwa Kiswahili chetu ni tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa. Usiku ni kucha, na hakuna aliyemwambia habari za kucha. Kwa hiyo, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi, yaani muda wa saa 14, vijidudu vilibaki peke yao na jino lake.

Hatusemi kwamba saa hizo pekee ndizo zilizomchelewesha kupona, kwani jino lenye usaha lazima litazamwe na daktari wa meno, na vidonge peke yake havitoshi. Lakini tulijiuliza ni wangapi kati yetu, wakiwemo wauguzi wasaidizi tuliopita darasani, wamewahi kumweleza mgonjwa kwa nini dawa hii ni mara tatu na ile ni mara moja.

Sababu yenyewe ndiyo hii. Kidonge kikimezwa huyeyuka tumboni, kikaingia katika utumbo mwembamba, na kutoka huko dawa hupita kwenye ini kabla ya kusambazwa na damu mwilini mote. Tangu hapo mwili huanza kuiondoa. Ini huivunjavunja, na figo huitoa kwa mkojo. Dawa nyingine hutoka upesi na nyingine hukaa sana. Amoksilini ni ya wale wenye haraka. Kwa mtu mwenye figo nzima, kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi. Pigeni hesabu wenyewe: baada ya saa tano, katika kila mafungu 32 limebaki fungu moja tu. Klorokwini, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa kuwasha ngozi, ilikuwa kinyume kabisa, maana ilikaa mwilini kwa wiki nyingi. Dawa ya haraka hutaka kuongezewa mapema, kama mtungi unaovuja. Ndiyo maana kutwa mara tatu kwa amoksilini ya mtu mzima maana yake ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kwa watoto wenye nimonia siku hizi hutolewa vidonge vinavyoyeyushwa katika maji, asubuhi na jioni, kwa kipimo kikubwa zaidi. Basi usimwige jirani. Fuata ulichoandikiwa wewe.

Hapo kwenye "saa nane" tumefika penye mtego mwingine. Mama mmoja wa Charambe alipewa dawa ya mseto ya malaria kwa ajili ya mwanawe. Dozi ya kwanza alimpa palepale zahanati, saa nne asubuhi, akaambiwa, "Ya pili baada ya saa nane." Yeye akaangalia saa ya ukutani, ikagonga saa nane mchana, akampa. Zilikuwa zimepita saa nne tu. Mtoto hakudhurika, lakini tangu siku ile sisi hatusemi tena "baada ya saa nane". Tunahesabu pamoja na mama kwa vidole na kuandika juu ya pakiti: "saa 12 jioni leo". Baada ya dozi hizo mbili za siku ya kwanza, zinazobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili, na jumla ni dozi sita. Dawa hiyo hupokewa vizuri na mwili ikiwa imeandamana na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa, uji wa karanga au hata chapati. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita, apewe tena dozi ileile, na mama arudi kituoni kuomba ya kufidia.

Kuna pia ile alama ya "1 x 3" au "2 x 3" inayoandikwa haraka haraka dirishani. Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Tumekwisha kumwona babu aliyesoma 1 x 3 kama vidonge vitatu kwa mara moja, ili amalize kazi asubuhi. Alikuwa mwalimu wa hesabu enzi zake, na hatukuwa na ujasiri wa kumcheka.

Sasa tuseme kidogo na nyinyi wauguzi wasaidizi na wahudumu wa zahanati zetu, na wale wote ambao katika jumuiya ndogo ndogo mnaitwa "nesi" hata kama hamkuvaa sare. Darasani tulifundishwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio. Manne ya mwisho watu huyakariri. La kwanza hulidharau, wakidhani hakuna anayeweza kukosea mtu. Lakini jaribuni kusimama mlangoni mwa zahanati yoyote ya Temeke mwite "Maria!" Watainuka wanne. Mmoja wetu, miaka mingi iliyopita, katika wodi ya watoto ambamo watoto wawili walilala kitanda kimoja, alimwuliza mama aliyekuwa akisinzia, "Huyu ndiye Joseph?" Mama akajibu, "Ndiyo, sista." Sindano ilikuwa tayari mkononi. Mama wa pili ndiye aliyeamka na kusema, "Joseph ni wangu mimi, huyo ni Josephat." Mtoto aliyekaribia kuchomwa alikuwa ameandikwa kwa wino mwekundu kwamba penisilini humvimbisha uso na kumbana pumzi. Tangu siku hiyo mwenzetu haulizi swali la kujibiwa "ndiyo". Huuliza, "Mtoto anaitwa nani, majina yote matatu?" kisha hunyamaza asikie.

Na kabla ya penisilini yoyote, iwe ya sindano au amoksilini ya kumeza, ulizeni kama mgonjwa amewahi kupata vipele, kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa hiyo. Jibu likiwa ndiyo, dawa isitolewe, na daktari aambiwe.

Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake. Umri hudanganya, maana wapo watoto wa miaka miwili wenye kilo 8 na wengine wenye kilo 14. Kwa hiyo kadi ya kliniki iende na mtoto kila anapougua, siyo siku ya chanjo tu. Chukueni mfano wa paracetamol, ambayo kipimo chake kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja. Mtoto wa kilo 10 hahitaji zaidi ya miligramu 150 kwa mara moja. Chupa moja ya maji huwa na miligramu 120 katika mililita 5, nyingine ina 250 katika mililita zilezile 5. Ya kwanza atapewa mililita 6, ya pili mililita 3. Chupa zinafanana, rangi inafanana, hata harufu ya matunda inafanana. Anayesema "mpe kijiko kimoja" bila kusoma chupa anabahatisha. Na kijiko chenyewe ni kipi? Kijiko cha dawa ni mililita 5, lakini vijiko vya chai vya majumbani kwetu vingine hubeba pungufu na vingine zaidi. Tumieni kipimo kilichokuja na chupa, au bomba la sindano lisilo na sindano ambalo famasi watawauzia kwa bei ndogo.

Paracetamol ndiyo dawa tunayoiogopa kuliko nyingine zote, kwa sababu hakuna anayeiogopa. Panadol na Sheladol ni dawa moja iliyovaa mashati mawili, na dawa nyingi za mafua zinayo ndani yake. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili asubuhi kwa kichwa, viwili vya jina jingine mchana kwa mgongo, na usiku dawa ya mafua, bila kujua kwamba kutwa nzima amekuwa akimeza kitu kilekile. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, na mwembamba sana, mlevi au mwenye ugonjwa wa ini atahitaji pungufu zaidi. Mtoto asipewe zaidi ya mara nne, na kati ya dozi na dozi zipite saa nne mpaka sita. Aspirini msiwape watoto kabisa, ila kwa amri ya daktari.

Wapo watakaosema, "Mbona homa ya mwanangu haishuki mpaka achomwe sindano?" Imani hii ni ya zamani katika vitongoji vyetu, na wapo vijana waliojenga nyumba kwa hiyo. Ukweli ni kwamba kidonge kinachomezwa na kukaa tumboni hufika katika damu ileile inayofikiwa na sindano. Sindano ni ya mgonjwa anayetapika kila kitu, aliyepoteza fahamu, anayedegedege, au mwenye ugonjwa mkali, na huyo mahali pake ni hospitali. Sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako la mtoto inaweza kugusa mshipa wa fahamu na kumwachia mguu unaoburuta maisha yake yote. Isitoshe, homa nyingi hazihitaji hata kidonge cha malaria. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba malaria ilikuwa kama moja tu kati ya magonjwa kumi yaliyotambuliwa, na kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na virusi. Virusi havisikii amoksilini. Apimwe kwanza, kisha ndipo tuzungumze dawa.

Tunalisema hili kwa uchungu kidogo, maana nchi yetu imekwisha kupoteza dawa. Klorokwini iliacha kuaminika, na mwaka 2001 ikabadilishwa na SP. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 2006, SP nayo ikaachwa kama dawa ya kutibu malaria isiyo kali, ikabaki kinga kwa akina mama wajawazito, na mseto ukashika nafasi yake. Na mwaka 2024 watafiti wametangaza kwamba huko Kagera, wilayani Karagwe, wamekuta vimelea ambavyo vinachelewa kufa kwa artemisinini, ile sehemu ya haraka ya mseto. Anayemeza dozi tatu na kuweka tatu "za akiba" kabatini anavifundisha vimelea hivyo kazi.

Kuhusu mahali pa kununua, nendeni famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Dawa ya kikapuni ndani ya daladala, hata muuzaji awe na ulimi mtamu namna gani, imekaa juani tangu asubuhi. Mwaka 2022 nchini Gambia walikufa watoto wapatao 70 baada ya kunywa dawa za maji zilizokuwa na sumu ya viwandani, na wazazi wao walikuwa wamezitoa kwa upendo. Kazi ya kukagua dawa hapa kwetu ni ya TMDA, iliyoitwa TFDA mpaka mwaka 2019. Ukishuku chupa, usiitupe. Irudishe dukani na utoe taarifa.

Nyumbani, dawa zisikae juu ya kabati chini ya bati, ambapo mchana joto la Dar es Salaam huzipika, wala jikoni penye mvuke. Amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa, hesabuni siku 7 kisha mmwage inayobaki, hata kama ilikuwa ghali. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Tumelisema hili mara nyingi, na bado watoto wanaletwa.

Mtoto akikutwa amekunywa dawa ya bibi au amemaliza chupa ya paracetamol, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa au mafuta. Mchukueni upesi hospitali, iwe Mwananyamala, Temeke au ya karibu zaidi, pamoja na chupa yenyewe hata kama ni tupu, na mseme ilikuwa saa ngapi. Msingoje augue. Aliyezidisha paracetamol huweza kucheza vizuri siku ya kwanza, na ini likaanza kuonyesha dalili siku ya pili au ya tatu, ilhali dawa ya kuizimua hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za mwanzo. Saa nane za kuhesabu, akina mama, siyo saa nane mchana.