Ghorofa, Upepo na Ukuta wa Jirani

Katika eneo la Ngamiani, mjini Tanga, ambako barabara zimenyooka na kuitwa kwa namba, nyumba nyingi za zamani ni za chini. Mwenye nyumba ya aina hiyo asikiapo kuwa kiwanja cha jirani kitajengwa ghorofa kumi, huingiwa na hofu, na watu hudhani kuwa anapinga maendeleo. Lakini sehemu kubwa ya hofu yake yaweza kupimwa.

Tuanze na kivuli. Mwezi Machi, yapata saa 10 na nusu alasiri, jua la Tanga huwa kiasi cha digrii 30 juu ya upeo wa macho. Jengo lenye kimo cha mita 30 hutupa kivuli cha mita 52 hivi upande wa mashariki. Mwanafunzi na ahakikishe kwa tanjenti. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliwasikia wakazi wa huko wakilalamika kuwa ghorofa zinawanyima jua. Kwetu hoja hiyo ni nyepesi, kwani mtu wa pwani hulikimbia jua la alasiri. Hasara yetu ni upepo. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi unaotoka mlango wa mbele hadi uani, hupitisha kusi na kaskazi bila gharama yoyote. Nyuma ya jengo refu hubaki eneo la upepo dhaifu, lenye urefu wa mara kadhaa ya kimo chake, na joto la vyumbani haliondoki.

Jambo zito zaidi limo ardhini. Kuta za zamani za pwani yetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo, ambao huwa mnene, hustahimili sana kugandamizwa, lakini ni dhaifu unapovutwa. Tena msingi wake mara nyingi ni wa kina kifupi. Ghorofa huhitaji shimo refu. Shimo likifikia maji ya ardhini, mjenzi huyavuta kwa pampu. Udongo uliopoteza maji hujibana na kushuka, na hushuka zaidi karibu na shimo. Basi upande mmoja wa nyumba ya jirani hutitia kuliko wa pili, ukuta huvutwa, na nyufa za mshazari huanza kwenye pembe za madirisha.

Hata hivyo si kila ufa ni kosa la jirani. Paa linalovuja na boriti zilizooza huharibu nyumba polepole. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hoteli kubwa ilipojengwa kando ya nyumba ya kale ya Mambo Msiige, Shangani, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake. Tanga haina mlinzi wa aina hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahifadhi moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Tongoni yamo. Lakini majengo mengi ya mjini, yaliyofuata ujenzi wa reli ulioanza mwaka 1893, hayamo mpaka Waziri ayatangaze. Kwa maoni yangu, mpaka huo wa mwaka unawaacha wakazi wa Tanga wakiwa na kinga ndogo mno.

Kwa hiyo ushahidi wao wenyewe una thamani. Walimu waweza kuwaongoza wanafunzi hivi: kabla shimo halijachimbwa, pakeni plasta ya jasi, nyembamba, juu ya kila ufa, na kuandika tarehe kwa penseli. Plasta ikipasuka, ukuta umesogea. Pimeni upana wa ufa kila Jumamosi, kisha choreni grafu, mkionyesha pia siku za mvua na siku ambazo pampu ya jirani ilifanya kazi.